Vidole Viwili Juu ya Tairi

Mgeni gani huingia nyumbani bila kubisha hodi, hali, hanywi, hatandikiwi, na bado mwenye nyumba ndiye anayekonda? Anayesema ugonjwa amekaribia. Anayesema deni amekaribia zaidi. Jibu ni wivu, na kwa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Sindano, kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi, mgeni huyo aliingia Jumapili mchana, uani kwa mama mkwe wake, watu wakinywa chai na kupanga harusi ya wifi yake.

Mengi yalikuwa yameshapangwa, yakabaki magari. Familia ilikuwa na mawili, ndugu kama wenyewe walivyo ndugu: aina moja, rangi moja ya maziwa, hata mikwaruzo ya bampa ilifanana. La kaka mkubwa, mume wa Sindano, lilikuwa teksi. Huyo watu walimwita Taratibu, maana hajapata kumpita mtu barabarani bila kumwomba radhi. La mdogo wake lilikuwa la kukodishwa kwa maharusi na wapiga picha. Tofauti ilikuwa moja tu. La mdogo lilikuwa limelala chini, tairi zimemezwa na bodi, kama paka anayemnyemelea panya. Watu walikuwa wakipita, wanarudi nyuma, wanalitazama tena.

Mama mkwe akaweka kikombe chini akasema bibi harusi atapanda lile lililolala. La Taratibu, kwa kuwa limesimama kama kuku aliyevuka tope, litabeba mashangazi na masufuria.

Watu wakacheka. Taratibu naye akacheka, akasema mashangazi ni mzigo wa heshima. Sindano hakucheka. Gauni la bibi harusi lilikuwa kwake, shanga anazitia kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, bila malipo kwa kuwa ni wifi. Kumbe gauni lake lilikuwa linashonwa ili likapambe gari la mke wa shemeji yake, yule waliyemwita Marashi kwa sababu harufu yake hutangulia kuingia na huchelewa kutoka.

Marashi alimwegemea begani. "Usijali, dada, utakaa na sisi. Kiti cha nyuma ni kipana."

Hakuna kinachouma kama kukaribishwa kwenye kitu ulichodhani ni chako. Sindano akamgeukia shemeji yake, akamuuliza kwa sauti ya mzaha amelishushaje gari lile. Shemeji, mtu wa maneno mengi siku zote, alicheka kidogo, akasema hayo ni mambo ya vijana, kisha akaomba sukari ilhali kikombe chake kilikuwa kimekwisha. Angemtazama usoni, Sindano angeona kitu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye tairi.

Walipofika nyumbani, Taratibu alikuwa bado anavua viatu aliposikia mkewe akisema gari lao nalo lishushwe.

"Limshushe nani?" akauliza, maana kwake kushusha ni abiria.

Akaelezwa. Akakaa na kiatu kimoja mkononi. Hakuwa mtu wa kubisha, lakini siku hiyo alijaribu. Alimkumbusha mkewe kwamba kila asubuhi anawapeleka manesi wanne hospitali na kuwarudisha jioni, wanalipa kwa mwezi, na malipo hayo ndiyo kodi ya nyumba na ndiyo ada ya watoto. Teksi ya kusubiri abiria kituoni ni bahati nasibu, manesi ndio unga. Njia ya hospitali ina matuta kama mgongo wa mamba. Gari likilala, litayavukaje?

"La mdogo wako linayavukaje?"

Taratibu akakigeuza kiatu mkononi. Kweli, hakuwahi kuona mdogo wake akivuka tuta.

"Mke wangu, mguu wa gari si pindo la suruali."

"Hujawahi kushona suruali wewe, unajuaje?"

Mvutano ule ulichukua siku kadhaa, na haukuwa na kelele. Kuna wanawake wanaogomba kwa mdomo, Sindano aligomba kwa cherehani. Taratibu akiingia, mashine inakimbia. Akiuliza chakula, mashine inakimbia zaidi. Mume asiyependa ugomvi hudhani kukubali ndiko amani, kwa hiyo mwishowe alisema pesa ni za mkewe, alizoweka kwa ajili ya mashine ya kufunga nyuzi aliyokuwa akiitamani, akachague mwenyewe, yeye hata bei asimtajie. Akaacha ufunguo mezani juu ya vitambaa. Sindano aliuchukua kabla haujapoa.

Kabla ya kwenda gereji, alitaka vipimo. Fundi cherehani hakati kitu kwa macho. Bahati ikamletea Marashi, amemleta bibi harusi kujaribu gauni, wamekuja na lile gari. Bibi harusi alipoingia chumbani kubadili nguo, Sindano akasema anakwenda kukung'uta shuka. Akatoka na futikamba shingoni, akachuchumaa pembeni ya gari kama mtu aliyeangusha kifungo.

Juu ya tairi la mbele paliingia vidole viwili. La mbele la pili, viwili. La nyuma kushoto, viwili. La nyuma kulia kilipita kidole kimoja kwa shida.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mwingine yeyote angejiuliza kwa nini kona moja imezama. Lakini Sindano alikuwa amepima mabega ya watu maisha yake yote, na anajua binadamu yeyote ana bega moja lililoanguka kuliko jingine, na fundi mwenye adabu halitaji, analiziba tu kwa pamba. Akaona gari nalo ni mwili kama miili mingine. Akakunja futi yake, akaingia ndani, akamwambia Marashi gari lake limekaa vizuri. Marashi akashukuru, lakini akatazama chini.

Gereji ilikuwa ua wa mchanga mweusi kwa oili, na fundi wake aliitwa Nati kwa kuwa alikuwa mfupi, mnene na mgumu kufunguka. Alishazoea wanawake wanaoleta gari na kusema linalia upande ule. Hakuwa amezoea anayekuja na vipimo.

Nati alipanga mambo juu ya tairi kuukuu kama muuza nyanya anavyopanga mafungu. Ya rahisi kabisa, alisema, ni kukata springi zilizomo. Unapunguza mizunguko miwili, gari linashuka, jioni unakwenda nalo nyumbani.

"Na nikijuta?"

"Ukijuta hazioti tena."

Hilo Sindano alilikataa mara moja. Kitambaa kilichokatwa kifupi anakijua, hata ukilia juu yake hakirefuki.

Ya ghali kabisa ilikuwa seti ambayo shokapu na springi zimeunganishwa, unazungusha kwa spana, gari linapanda au linashuka utakavyo. Nati alipotaja bei, Sindano aliuliza kama dereva anakuja nayo. Katikati palikuwa na springi fupi za mtumba, zimetolewa kwenye gari kama lao lililopata ajali. Bei yake iliingia kwenye pesa za mashine. Lakini Nati alikuna kichwa, akasema springi fupi zinataka shokapu zake fupi. Ukizivisha kwenye shokapu ndefu za zamani gari litadunda, kwa sababu springi ndiyo inayoruka na shokapu ndiyo inayoiambia tulia. Uzinunue zote pamoja, mama, alisema, au uache zote.

"Shokapu zinaonekana kwa nje?"

"Hazionekani."

"Basi ni bitana. Bitana wanawekewa matajiri. Nipe gauni."

Nati alicheka, maana alikuwa na kazi ya kuuza pia. Hata hivyo akamuuliza gari alilolipima ni la nani, na lilipimwa likiwa tupu au na watu. Sindano akasema hayo hayamhusu, vidole viwili ni vidole viwili. Zilikuwa bado zinapelea pesa kidogo, akakubali springi zao za zamani zibaki kwa Nati kufidia. Zilikuwa nzima, za kiwandani, hazina hata kutu. Nati alizitazama mara mbili kabla ya kuzipokea, kama mtu anayepewa kuku kwa bei ya yai.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Gari lilirudi nyumbani limelala, na Sindano alitoka nje mara nyingi kuliko alivyohitaji, mara kumwaga maji, mara kuanua nguo ambazo hazijakauka. Jirani muuza mkaa alisema sasa mmekuwa watu. Sindano alimpelekea mama mkwe vitambaa ambavyo hakuwa ameviagiza, ili tu Taratibu aegeshe mlangoni pake. Mama mkwe alitoka, akalizunguka gari, akasema, "Hee." Hiyo "hee" Sindano aliila siku mbili bila kitoweo.

Siku ya tatu mume wake alirudi kimya. Taratibu ni mkimya kwa kawaida, lakini kuna kimya cha kushiba na kimya cha kumeza. Habari kamili Sindano hakuipata kwake. Aliipata kwa nesi mkubwa, mama mmoja mpana mwenye heshima zake, aliyekuja kupunguza sare yake kiunoni.

Alieleza bila ubaya, akiwa amenyoosha mikono apimwe. Siku ya kwanza, manesi wanne walipoingia, gari lilikaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Kwenye barabara nzuri lilidunda, yaani likishaanza kuruka halikumbuki kuacha, na nesi mdogo mwenye ujauzito alishuka akatapika getini, walinzi wakitazama. Kwenye tuta la kwanza tumbo la gari lilikwaruza kwa mlio uliogeuza vichwa vya watu. Basi wakaamua hivi: wakifika kwenye tuta, wanne wote wanashuka, Taratibu anavuka na gari tupu, wao wanavuka kwa miguu, wanapanda tena. Tuta baada ya tuta. Wagonjwa waliokuwa wakienda kliniki walikuwa wanawapita. Kijana mmoja aliwauliza kama wanasindikiza jeneza.

"Mume wako ni mtu mwema," nesi alisema. "Kila tukishuka anaomba radhi. Ndiyo maana tumemwambia hadi mwisho wa mwezi, siyo leo. Ila baada ya hapo, mama, tutatafuta gari lililosimama. Usibane sana hapo, nakula ugali mimi."

Sindano alikuwa na pini mdomoni. Ilibidi azitoe moja moja ndipo apate njia ya kusema amesikia.

Jioni hiyo alimuuliza Taratibu kwa nini hakumwambia. Taratibu akasema alimwambia, siku ile akiwa na kiatu mkononi. Kisha akaenda kuoga. Afadhali angepiga meza.

Kesho yake asubuhi Sindano alikuwa gereji kabla Nati hajafungua. Alitaka springi zake, hata kwa kuongeza pesa, hata kwa kumshonea Nati na mkewe na watoto wake wote. Nati alikuwa anakoroga chai. Akasema ziliuzwa zamani, hazikulala hata usiku mmoja.

"Umemuuzia nani?"

"Si shemeji yako? Yule wa gari la harusi. Nilidhani mmepanga nyumbani. Alikuwa anazitafuta za bei anayoiweza tangu mvua zile, zake zilivunjika."

"Zilivunjika vipi? Si alilishusha?"

Nati alianza kucheka, kisha akaona uso wa yule mama, akaweka kijiko chini. Hakuna aliyelishusha gari lile, alisema. Lilianguka lenyewe. Springi zote nne zilikuwa zimechoka, na ya nyuma kulia imekatika kabisa, imesimama kwa huruma ya Mungu. Hakuwa na pesa ya kuzibadili. Siku moja mteja mmoja akalisifu, akadhani ni fasheni, akalikodi kwa ajili hiyo hiyo. Basi naye akaacha sifa ikae palipotakiwa kukaa springi. Alikuwa anaendesha harusi kwa mwendo wa mazishi, anazunguka mitaa mizima kukwepa matuta, watu wanaona ni madaha.

Sindano akakumbuka ile siku ya shuka. Alikuwa amechuchumaa pale na futi yake, kidole kimoja kimepita kwa shida, akajiona mjanja. Alipima kidonda cha mtu, akaenda kukishonea nguo yake mwenyewe.

Siku mbili kabla ya harusi, Marashi alimleta bibi harusi kwa jaribio la mwisho. Sindano alisikia gari likivuka mtaro wa mbele ya nyumba kwa mlio mmoja laini, kama mtu anayemeza mate. Akachungulia. Lilikuwa limesimama, refu, limenyooka kona zote. Springi zake mwenyewe zilikuwa humo, na moyo ulimdunda kama ile teksi.

Bibi harusi alipoingia chumbani, Marashi akabaki barazani, anavuta uzi uliolegea kwenye mkoba wake. Siku hiyo hakuwa na harufu yoyote.

"Hongera, dada," alisema. "Mama amebadili. Anasema sasa lenu ndilo limelala, letu limenyanyuka kama punda. Bibi harusi atapanda lenu. Sisi tunachukua mashangazi."

Ndilo lile neno. Sindano alikuwa amelilalia na kuliamkia tangu ile Jumapili. Limekuja lenyewe hadi barazani pake, limeletwa na mdomo ule ule uliomkaribisha kiti cha nyuma. Alichotakiwa kufanya ni kusema asante. Nani angejua? Gari lingebeba bibi harusi, mama mkwe na yeye mwenyewe mbele, lingekwaruza tuta moja au mawili, ngoma zingefunika mlio. Picha hazisikiki.

"Nikwambie ukweli?" Marashi aliendelea, hamtazami. "Tangu nilione lenu silali. Nimemwambia mume wangu azitoe hizo springi alizonunua, alishushe kweli kweli kama lenu. Tumeshagombana. Naona hata haya. Lakini dada, una cherehani, una wateja wanaokuja mlangoni, mume wako ana manesi wa mwezi. Sisi tulikuwa na kile kitu kimoja tu, kukaa mbele siku ya harusi. Na hicho nacho mmechukua."

Haya basi, kitendawili kingine: watu wawili wanachungulia kisima kimoja, kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliye ndani anayekunywa. Sindano alikaa kwenye ngazi. Akasema, "Usizitoe. Hizo springi ni zetu."

Marashi akamtazama.

"Nilizitoa kwa sababu yako," Sindano akasema. "Nililipima gari lenu siku ile nikisema nakung'uta shuka. Mama mkwe alivyowapa bibi harusi, mimi chai ilinikaa hapa. Sasa gari letu linadunda, manesi wanashuka kila tuta na mwisho wa mwezi wanaondoka. Wakiondoka hao hatuna kodi. Ndiyo hali."

Bibi harusi akauliza kutoka ndani kama wamelala. Marashi hakucheka, wala hakumkumbatia mtu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua ameibiwa kitu ambacho alikuwa anakionea aibu. Mwisho akauliza polepole, "Kwa hiyo unajua letu lilikuwa limevunjika."

"Najua."

"Mama anajua?"

"Kwangu hatajua."

Sindano alijua bado hajamaliza, na lililobaki ndilo zito, maana kuungama ni rahisi kuliko kuomba. Akamwambia Marashi: gari lake linafanya kazi siku za harusi, mwisho wa wiki tu. Siku za katikati limelala nyumbani. Marashi amwombe mumewe, akikubali, Taratibu alichukue asubuhi kwa ajili ya manesi, alirudishe jioni na mafuta ndani, hadi Sindano apate pesa ya springi nyingine. "Nakuomba wewe," akasema, "siyo shemeji. Nimekukosea wewe."

Marashi alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba sehemu yake moja inaona tamu kufikiri, na hakuiharakisha. Kisha akasema sawa. Na bibi harusi?

"Atapanda lenu. Nitamwambia mama mwenyewe."

Alimwambia. Mama mkwe alisema watoto wa siku hizi wanabadili magari kama kinyonga, kisha akaomba pindo la kitenge chake lishushwe. Siku ya harusi Marashi alikaa mbele, harufu yake ikafika ukumbini kabla ya maharusi. Taratibu na mkewe walifuata nyuma kabisa na gari tupu lililolala vizuri, likiwachanganya watu wa pembeni waliodhani bibi harusi yumo humo. Mashangazi walikodiwa basi dogo.

Jumatatu Taratibu alichukua ufunguo kwa mdogo wake. Jioni alirudi akiimba chinichini, jambo ambalo hakulifanya tangu gari lishuke. Alivua viatu vyote viwili bila kupumzika katikati. Manesi hawaondoki tena, alisema. Nesi mkubwa amemwambia wanabaki.

"Wamelisifu sana gari la mdogo wangu. Wanasema limetulia, hata kikombe cha chai hakimwagiki. Wanasema hata linanukia. Wanauliza kumbe muda wote huo lilikuwa wapi, tunawabeba kwenye lile letu."

Sindano alikuwa anashona foronya za mito. Mguu wake ukasimama juu ya kikanyagio, mashine ikanyamaza, na yule mgeni asiyebisha hodi akaingia tena.

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia ni kweli," Taratibu akasema, akatafuta kandambili zake.

Sindano akaukata uzi kwa meno, akapitisha mwingine kwenye tundu la sindano. Ulikataa. Akaulowesha kwa ulimi, ukakataa. Mara ya tatu ukapita, akaendelea kushona.